Halua ya Maskati

Kabla ya kuuliza, daktari alieleza kwa nini anauliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na swali lenyewe alikwisha kuwauliza watu wengi. Alisema jibu litamsaidia kuamua amfuatilie mgonjwa kwa karibu kiasi gani. Kisha akauliza: katika familia hii, yuko mtu mwingine aliyewahi kuugua maradhi ya aina hii, au aliyejiua?

Mkalimani, Bi Vasanti, alilifasiri swali kwa Kiswahili kilichonyooka. "Daktari anauliza, kwenu kuna mtu mwengine aliyepatwa na hali kama hii ya Mardhiya? Upande wa baba au upande wa mama. Na kuna mtu aliyejitoa roho mwenyewe?"

Bi Kijakazi aliuvuta mtandio wake mbele. "Hakuna," alisema. "Ukoo wetu safi. Tuulizieni popote."

Bi Vasanti alifasiri yote, hata hilo la kuuliziwa popote. Daktari akainua macho kidogo, kisha akaandika.

Mwenye maradhi, Mardhiya, aliketi katikati ya wazazi wake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ndani ya mwaka mmoja mimba yake iliharibika ikiwa ya miezi mitano, mumewe akampa talaka kwa simu kutoka Leicester, na ghala alilokuwa akifanya kazi likahamishiwa mji mwingine. Alirudi nyumbani kwa wazazi wake, Edmonton, akakaa chumba kimoja na mdogo wake. Tangu hapo alikuwa akilala bila kusinzia na kula bila kuonja. Daktari alipomuuliza anajisikiaje, alisema amechoka tu.

Baba yake, Bwana Msabaha, alikuwa ameishika kofia yake magotini. Kiingereza chake hakikupitwa nyumbani kwake ila na cha binti zake. Miaka yote hii alikuwa karani wa halmashauri. Hakuhitaji mkalimani. Mkalimani aliitwa kwa ajili ya mkewe. Jibu la swali lile alikuwa nalo, nalo lilikuwa na watu watatu ndani yake. Aliangalia chuma cha kupashia chumba joto, kilichobanduka rangi.

"Vizuri," alisema daktari. "Basi tutaanza na dawa, na jina lake litaingia katika foleni ya watu wanaosubiri mazungumzo. Ni kama miezi minne. Kukitokea la dharura, pigeni namba hii."

Kosa la Bi Kijakazi halikuwa la ujinga. Kwa watu wa kwao, Wete, swali la ukoo huulizwa na mtu aliyekuja kuposa, na jibu lake ni moja. Anayeulizwa hujibu kwamba ukoo ni safi, na anayeuliza huenda kutafuta ukweli kwa majirani. Ndivyo mambo yanavyokwenda, na hakuna anayeona kwamba amedanganya. Tena, kabla hawajaingia kwa daktari, Bi Kijakazi alimuuliza mkalimani, kwa adabu tu, amejifunzia wapi Kiswahili kizuri kama hicho. Bi Vasanti akacheka. "Mimi sijajifunza, bibi. Nimezaliwa nacho. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Wete, nyuma ya soko. Sasa tunakaa Neasden."

Bi Kijakazi alitabasamu kwa mdomo tu. Jumapili iliyofuata walikuwa wanakuja watu kumposa Afra, binti yake mdogo.

*

Kituo cha basi kilikuwa mbele ya kliniki. Mardhiya alisimama mbali kidogo, uso ameuelekeza barabarani.

"Mama Mardhiya," alisema Bwana Msabaha kwa sauti ya chini, "yule alikuwa daktari."

"Najua alikuwa daktari. Mimi si kipofu."

"Ameuliza jambo la kitabibu."

"Na yule Banyani wa nyuma ya soko, yeye pia daktari?" Bi Kijakazi hakumtazama. "Leo niseme, kesho yako Neasden, keshokutwa yako kwa Mzee Abdulsamad wa hao waposaji, na kikombe cha kahawa. Mwenzangu, unataka binti zako wote wawili wakae humo ndani wakizeeka?"

"Wakalimani wanaapishwa. Akitoa neno nje anapoteza kazi."

"Basi ungesema wewe. Ulikuwa na mdomo." Kisha akasema polepole zaidi, "Si wewe uliyeniomba nisiseme? Mwaka ule? Si uliniomba?"

Bwana Msabaha alikubali kwa kichwa. Basi lilifika, wakapanda.

*

Halua haipikwi na mvivu. Wanga ukishaingia kwenye sufuria, mkono hauruhusiwi kuacha kukoroga mpaka samli itoke juu. Jumamosi adhuhuri Bi Kijakazi alikuwa jikoni, amekunja mikono, na Afra amesimama mlangoni akimtazama. Afra alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa sayansi ya tiba chuo kikuu. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama alivyofanya tangu aanze shule. Mama yake naye alikielewa Kiingereza cha Afra peke yake, si cha mtu mwingine.

"Mama, babu alikufaje?"

"Alizama. Umeshaambiwa."

"Alizama kwenye maji ya magoti?"

"Nani kakwambia ya magoti?"

"Shangazi wa Thamesmead. Alisema bahari ilikuwa imekupwa."

"Shangazi yako mdomo wake hauna komeo. Nipe iliki hiyo."

Afra alimpa iliki. "Na Ami wa Mombasa?"

"Moyo."

"Alikuwa na miaka thelathini na moja."

Bi Kijakazi alikoroga. Afra akasogea karibu, akaanza kueleza kitu alichofundishwa mwaka ule. Watafiti waliwafuata watu wa mji mmoja wa New Zealand tangu utotoni mpaka utu uzima. Kuna jeni moja inayohusika na kemikali za ubongo, ambayo watu huirithi ikiwa fupi au ndefu. Waliorithi ile fupi na wakapatwa na mikasa mingi, kama vile kufiwa, kuachwa na kupoteza kazi, waliugua sonona zaidi kuliko wenzao wenye ile ndefu waliopatwa na mikasa hiyohiyo. Lakini waliorithi fupi na hawakupatwa na mikasa, hawakuwa tofauti na wengine.

Utafiti huo ulikuwa wa mwaka uliotangulia, na kila mtu chuoni kwao aliuzungumza. Baadaye wataalamu wengine waliurudia wasipate matokeo yaleyale, wakabishana, na wengi waliona kwamba jeni moja haiwezi kubeba mzigo wote huo. Jambo ambalo hawakubishania ni lile ambalo Afra alikuwa anajaribu kulisema jikoni: kwamba maradhi haya huenda na ukoo, na kwamba maisha yakimbana mtu wa ukoo huo, watu wake wanatakiwa kumtazama kwa makini zaidi.

"Kwa hiyo unasema sisi tuna kilema," alisema mama yake.

"Sijasema hivyo. Nasema kama daktari angejua, asingemwambia Mardhiya asubiri miezi minne."

"Keshokutwa nitamwambia. Wakishakwenda."

"Mama," alisema Afra, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kibovu na taratibu, ili asikiwe. "Daktari hakuja kuposa."

Bi Kijakazi aliacha kukoroga. Harufu ya kuungua ilipanda mara moja, akashtuka akaukamata tena mwiko. "Huyo Riyadh unamtaka au humtaka?" aliuliza.

Afra akaitazama sufuria. Alimtaka. Walikuwa wamezungumza kwa simu kwa miezi kadhaa, na alikuwa kijana mpole, fundi wa kompyuta, ambaye hucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe.

"Basi nyamaza mpaka kesho ipite," alisema Bi Kijakazi. "Na dadaako kesho atakwenda Thamesmead kwa shangazi yenu. Nimeshampigia. Watampikia pilau. Atastarehe."

Mardhiya alikuwa amekaa chini kabisa ya ngazi, nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyasikia yote. Aliposikia kwamba anaondolewa ili wageni wasimwone, hakushangaa. Aliona kuwa ni hesabu sahihi. Lakini akili yake ilirudi kwenye harufu. Mara ya mwisho nyumba kunukia halua hivi alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa amerudi kutoka Maskati, na mama yake aligawa halua kwa watu wote waliowajua, katika kopo la Maskati lenye picha ya ngome.

*

Jumapili asubuhi Mardhiya alivaa koti lake. Kabla ya kutoka alizivua bangili zake mbili za dhahabu, ambazo ndizo pekee zilizobaki za mahari yake, akamvisha mdogo wake.

"Vaa hizi leo. Zinakufaa kuliko mimi."

"Nitakurudishia jioni," alisema Afra.

"Kaa nazo."

Afra alikuwa akishughulika na nywele. Alimbusu dada yake shavuni, akaendelea kuchana.

Wageni walifika baada ya adhuhuri: Mzee Abdulsamad, ami mkubwa wa Riyadh, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na koti juu yake, na mama wa Riyadh pamoja na wifi yake. Riyadh mwenyewe hakuja, kama ilivyo desturi. Walipokewa, wakakalishwa, wakaulizana hali, wakaulizana tena. Kahawa ikamiminwa. Wanawake walimtazama Afra alipoingia na sinia, wakazitazama na bangili.

"Mashaallah," alisema mama wa Riyadh. "Na dadaake yuko wapi? Tumesikia karudi nyumbani."

"Kenda kwa shangazi yake," alisema Bi Kijakazi. "Anapenda sana kutembea, yule."

Mzee Abdulsamad alitia kijiko katika halua, akaonja, akafumba macho. "Bi Kijakazi, usinambie. Hii ya Maskati."

"Ya hapahapa Edmonton, babu. Ya mkono wangu."

"Basi Maskati waje kujifunza kwako." Wote wakacheka. Akaweka kijiko, akajifuta midomo, na sauti yake ikawa ya kazi. "Bwana Msabaha, sisi na nyinyi si wageni. Tumekuja kuomba udugu. Sasa, kama ilivyo ada, na wala si kwa ubaya, tunaulizana. Watu wako tunawajua, ni watu wa heshima. Kuna lolote katika ukoo, maradhi au jengine, ambalo ni haki yetu kulijua?"

Bi Kijakazi alimtazama mumewe. Bwana Msabaha alifungua mdomo, na simu ikalia.

Simu ilikuwa ukutani kwenye kijia cha kuingilia, hatua chache tu kutoka sebuleni, na mlango wa sebule ulikuwa wazi. Aliomba radhi, akaenda kuipokea.

"Msabaha?" Ilikuwa sauti ya shangazi wa Thamesmead, ambayo haikuwahi kuhitaji simu ili isikike. "Huyu mtoto mbona hajafika? Pilau imeshakuwa mawe."

"Katoka hapa asubuhi."

"Asubuhi ipi? Hapa hajatia mguu. Simu yake naipiga sasa hivi kwa simu ya mkononi, inalia tu."

Ilikuwa inalia juu, chumbani. Kila mtu sebuleni aliisikia. Afra alipanda ngazi mbio, akarudi ameishika simu ya dada yake mkononi. Aliikuta juu ya kitanda kilichotandikwa, na kando yake dawa zote, hazijafunguliwa. Alisimama kwenye kijia, akaziangalia bangili mkononi mwake.

"Baba," alisema. "Kaniambia nikae nazo."

Bwana Msabaha alielewa. Wakati wake, mwaka wa themanini na saba, yeye alimpa jirani saa yake ya mkononi.

Namba ya dharura ilikuwa imebandikwa juu ya simu. Aliipiga. Nesi wa zamu alimsikiliza, akamwomba asubiri, akatafuta maelezo ya mgonjwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kutuliza. Alisema hapa mbele yake inaonekana Mardhiya hajawahi kujidhuru, na hakuna historia yoyote katika familia. Daktari amempima kuwa hatari yake ni ndogo. Watu wengi wenye huzuni hutoka kutembea wapunge upepo. Asiporudi mpaka usiku, wapige tena, au wawaarifu polisi.

"Hayo yaliyoandikwa si kweli," alisema Bwana Msabaha.

"Samahani?"

"Hayo ya familia. Si kweli."

Aliangalia sebuleni. Mzee Abdulsamad alikuwa bado ana kisahani mkononi. Wanawake wawili walikuwa wamemgeukia. Angeweza kuusukuma mlango kwa mguu. Angeweza kusema kwa sauti ya chini. Lakini alikuwa amepokea simu za halmashauri kwa miaka mingi, na alijua kwamba asemaye chini huambiwa arudie.

"Baba yangu alijiua," alisema kwa Kiingereza, waziwazi, kama anayesoma anwani. "Kaka yangu alijiua. Mimi mwenyewe nilijaribu, mwaka elfu moja mia tisa themanini na saba, nikalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili hapa London. Mama yangu alikuwa amekufa na sikuweza kurudi kwetu kumzika, na mwezi huohuo nilipoteza kazi. Binti yangu amepoteza mtoto, mume na kazi. Leo ametoa dhahabu yake na ameacha simu. Nakuomba uniandikie hivyo."

Upande wa pili kukawa na sauti ya vidole vikipiga kompyuta kwa haraka. Nesi hakutuliza tena. Aliuliza amevaa nini, ana urefu gani, hupenda kwenda wapi, na akasema polisi wanaarifiwa sasa hivi, akiwa bado kwenye simu.

Bi Kijakazi hakuyajua maneno yote, lakini aliyajua ya kutosha. Alikaa wima kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiangalia sinia la halua.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Abdulsamad. "Gari yangu iko nje," alisema. "Bwana Msabaha, vaa viatu."

*

Walizunguka taratibu, Fore Street yote, kisha bustani, kisha nyuma ya maduka. Bwana Msabaha alitazama kushoto na Mzee Abdulsamad alitazama kulia.

"Ungeweza kuufunga mlango," alisema Mzee Abdulsamad hatimaye.

"Ningeweza."

"Mimi ningeufunga."

Bwana Msabaha alijua haikuwa lawama.

Polisi walimpata Mardhiya stesheni ya Edmonton Green. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho la jukwaa, mbali na watu, na alikuwa hapo tangu asubuhi. Mfagiaji wa stesheni alikuwa amempita mara kadhaa, akadhani anasubiri mtu. Treni za Liverpool Street zilifika na kuondoka. Askari mwanamke alipokaa karibu naye na kumtaja kwa jina lake, Mardhiya alimuuliza amelijuaje. "Baba yako ametuambia," alijibu. Mardhiya alifikiri kidogo, kisha akainuka, akamfuata.

Usiku ule alilazwa.

Siku tano baadaye Mzee Abdulsamad alipiga simu. Aliuliza kwanza hali ya mgonjwa, na aliuliza kwa dhati. Kisha akasema kijana ameonelea amalize kwanza mtihani fulani wa kazini kwake, na mambo ya ndoa yasubiri. Bwana Msabaha alimshukuru. Wote wawili walijua hakuna mtihani. Riyadh mwenyewe alimtumia Afra ujumbe mfupi wa simu, amesikitika, mama yake amekataa kabisa. Afra aliusoma, akaufuta, akajifungia bafuni na kufungua bomba. Jumatatu alikwenda chuoni kama kawaida. Bangili alizifunga ndani ya kitambaa, akazipeleka wodini.

*

Wiki ya tatu daktari aliwaita tena, safari hii katika chumba kidogo cha wodini chenye viti vya plastiki. Bi Vasanti alikuwa amefika kabla yao. Alisimama kumwamkia Bi Kijakazi, na Bi Kijakazi akamwitikia bila kumtazama vizuri.

"Bibi," alisema Bi Vasanti kabla daktari hajaingia, "ninayoyasikia humu yanabaki humu. Hata mume wangu Kishor hajui ninakwenda hospitali gani."

"Hayana siri tena, mwanangu," alisema Bi Kijakazi. "Wete nzima wanayo."

Mardhiya aliletwa. Alikuwa ameoga, na amesuka nywele chini ya mtandio. Bado alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, lakini macho yake yalimfikia anayesema naye. Alikaa mkabala na baba yake.

Daktari hakulaumu. Alisema angependa kuuliza upya swali lile, na waliohusika wajibu kwa nafasi yao. Bi Vasanti alifasiri.

Bwana Msabaha alitaka kuanza, lakini mkewe alimwekea mkono juu ya goti. "Niachie mimi. Mimi ndiye niliyesema hakuna." Akamgeukia mkalimani. "Mwambie, upande wa mume wangu ni watatu. Baba yake. Kaka yake. Na huyu hapa." Alisubiri ifasiriwe. Daktari aliandika. Bi Kijakazi akaendelea kukaa vilevile, mkono juu ya goti la mumewe, midomo ikisogea kidogo bila sauti.

"Na upande wangu," alisema, "yuko mmoja. Mama yangu mkubwa. Alifiwa na watoto wawili kwa ndui, msimu mmoja, akaacha kusema. Alifungiwa chumba cha uani mpaka alipokufa. Tulikuwa tukiambiwa ana shetani, na mimi nikimpelekea chakula. Hakuwa na shetani. Alikuwa akilia tu."

Bwana Msabaha alimgeukia mkewe. Walikuwa wameoana kwa karibu miaka thelathini. "Hukuniambia."

"Wewe ulikuja kuposa," alisema Bi Kijakazi. "Ningekwambia?"

Bi Vasanti alisita, kisha akalifasiri na hilo. Daktari aliinamisha kichwa juu ya karatasi zake, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Bwana Msabaha ndiye aliyecheka, mara moja, kwa pua, kisha akatoa leso akajifuta uso.

"Baba."

Mardhiya alikuwa hajasema neno tangu aingie. Wote walimgeukia.

"Ile safari ya Maskati," alisema. Alisema kwa Kiswahili, kile cha utotoni mwake, alichoanza nacho kabla ya shule. "Nilikuwa na miaka tisa. Ulikaa sana. Nilikuuliza ndege ilikuwa kubwa kiasi gani."

"Sikwenda Maskati."

"Ulikuwa kama hapa?"

"Kama hapa. Madirisha yalikuwa juu zaidi."

"Na ile halua?"

"Niliipika mimi," alisema mama yake. "Kopo lilikuwa la zamani, nikiwekea vitunguu thomu. Nililiosha kwa siki siku mbili."

Mardhiya alimtazama mama yake, kisha akamtazama baba yake kwa muda mrefu. Aliitazama mikono yake, kofia yake, shati lake lililofungwa vifungo vyote: mtu aliyekwenda kazini kila asubuhi ya maisha yake yote, kwa kadiri alivyokumbuka. Miezi yote ile alikuwa ameamini kwamba lililompata halijampata mtu mwingine, na kwa hiyo hapakuwa na mtu ambaye angeweza kumuuliza.

"Ulipona?" aliuliza.

"Nilipona," alisema Bwana Msabaha. "Ilirudi mara moja, ulipokuwa sekondari. Nikaijua mapema, nikaenda kwa daktari, sikumwambia hata mama yako. Nikapona tena."

Daktari, ambaye hakuwa ameelewa neno, alimgeukia mkalimani na kusubiri.

"Binti anamuuliza baba yake kama alipona," alisema Bi Vasanti kwa Kiingereza. "Na baba yake anasema ndiyo. Mara mbili."